Familia kwa jambo gani? Jinsi Wayahudi wanavyohesabu nani ni wa kwao

Kila Israel inapotawala taarifa za habari, mabishano yaleyale huzuka mitandaoni na vijiweni. Uyahudi ni dini au ni kabila? Mtu huwa Myahudi kwa mama au kwa baba? Mmoja atafungua Biblia na kuonyesha kwamba nasaba zote zinataja wanaume. Wa pili atasema dunia nzima inajua ni mama. Wa tatu ataleta vipimo vya DNA. Ajabu ni kwamba wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake.

Sheria ya Kiyahudi haina orodha moja ya ndugu. Ina orodha kadhaa, na kila moja ina shughuli yake: kurithi, kuzika, kuoa, kuitwa jina, kumkomboa aliyezama kwenye deni. Mtu anaweza kuwa ndani ya orodha hii na nje ya ile, bila mgongano wowote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama fulani ni wa familia, uliza kwanza: kwa jambo gani?

Ngazi tatu za zamani

Tuanze na maneno. Biblia ya Kiebrania inapanga watu kwa ngazi tatu. Ya chini ni bet av, yaani nyumba ya baba: babu, wanawe, wake zao na wajukuu. Juu yake ni mishpaha, ukoo wenye nyumba nyingi kama hizo. Juu kabisa ni shevet, kabila. Katika Kiebrania cha leo mishpaha ni neno la kila siku kwa familia, hata ya watu watatu, ila asili yake ni pana zaidi, na Biblia ya Kiswahili ya Union imelitafsiri kama “jamaa”.

Ngazi hizo zinaonekana zikifanya kazi katika Yoshua sura ya 7, pale anapotafutwa mwizi wa nyara za Yeriko. Kura inapita kabila kwa kabila, inaangukia Yuda. Jamaa kwa jamaa, inaangukia Wazera. Nyumba kwa nyumba, inaangukia ya Zabdi. Mtu kwa mtu, inamkamata Akani. Akani alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, lakini nyumba aliyohesabiwa ni ya Zabdi, baba wa baba yake. Anayesoma “nyumba” hapo akawaza baba, mama na watoto wawili atapotea njia mapema.

Jamaa ilikuwa na kazi maalumu, na kubwa kati ya hizo ni ardhi na deni. Walawi 25 inasema Mwisraeli akifukarika hata akajiuza kwa mgeni, akombolewe kwa zamu: ndugu yake, au ami yake, au mwana wa ami, au yeyote wa karibu katika jamaa yake. Shamba lililouzwa kwa shida lilikombolewa vivyo hivyo.

Urithi nao ulikuwa na foleni yake. Hesabu 27 inaipanga hivi: mwana, kama hakuna, binti, kama hakuna, ndugu wa marehemu, kisha ndugu za baba yake, kisha aliye karibu zaidi katika jamaa. Upande wa mama haumo. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya sheria, katika kitabu cha Bava Batra inalisema bila kuzunguka: jamaa ya baba ndiyo iitwayo jamaa, jamaa ya mama haiitwi jamaa. Hata mabinti watano wa Zelofehadi waliopewa shamba la baba yao waliwekewa sharti katika sura ya 36, kwamba waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isihamie kwingine. Wakaolewa na wana wa ami zao.

Mlango na chumba

Sasa, kama jamaa ni ya baba, umama umetoka wapi?

Umetoka kwenye orodha nyingine: ya nani ni Myahudi. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inaweka kanuni katika Kidushini 3:12. Mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi, baba awe nani. Mama asipokuwa Myahudi, mtoto si Myahudi, hata baba awe mzao wa Haruni. Lakini wazazi wote wawili wakiwa Wayahudi na ndoa yao ikiwa halali, daraja la mtoto linafuata baba: kuhani, Mlawi, au Mwisraeli wa kawaida. Ichukulie kama nyumba: mama ndiye mlango, baba ndiye anayekuonyesha chumba chako. Asiyepita mlangoni hana chumba.

Wengi hueleza kanuni hii kwa kusema mama ana uhakika na baba hana. Maelezo hayo yanapendeza, lakini Talmudi haiyatumii. Yenyewe inajenga hoja juu ya Kumbukumbu la Torati 7:3-4, mahali panapokataza kuoana na mataifa. Na kama wasiwasi juu ya baba ungekuwa ndio sababu, ukuhani usingepita kwa baba. Watafiti wa historia hawajakubaliana kanuni ilianza lini. Kilicho wazi ni kwamba katika simulizi za zamani zaidi Yusufu na Musa walioa wanawake wa mataifa mengine na watoto wao wakahesabiwa Israeli bila swali.

Si Wayahudi wote wanaofuata kanuni hii leo. Wakaraimu, wasiokubali Talmudi, huhesabu kwa baba. Vuguvugu la Reform la Marekani liliamua mwaka 1983 kwamba mzazi mmoja yeyote anatosha, mradi mtoto alelewe na kuishi Kiyahudi. Madhehebu mengine mawili ya Kiyahudi, Waorthodoksi na Wakonsavativu, yamebaki kwenye Mishna.

Vipimo vya DNA vinakwama hapohapo. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini wana mapokeo kwamba mababu zao walitoka Mashariki ya Kati, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwa wanaume wa ukoo wao wa Buba alama inayoonekana sana kwa makuhani wa Kiyahudi. Alama hiyo hukaa kwenye kromosomu Y, ambayo mwanamume huipata kwa baba tu. Kwa rabi wa Kiorthodoksi hiyo ni habari ya chumba, na yeye anauliza mlango.

Kuna kosa jingine linalosikika sana, kwamba Wayahudi bado wanajijua kwa makabila 12. Waashuri waliangusha ufalme wa kaskazini karibu mwaka 722 kabla ya Kristo na makabila yake yakapotea kama makundi yanayojulikana. Yaliyobaki na uzito wa kisheria ni madaraja yale matatu. Kuhani wa leo huitwa wa kwanza kusoma Torati sinagogini, haendi makaburini isipokuwa kwa ndugu wa karibu, na haruhusiwi kumuoa mwanamke aliyeachwa wala aliyeongoka. Akikaidi akamuoa, watoto hubaki Wayahudi ila ukuhani unakatika.

Mzaliwa wa kwanza, lakini wa nani?

Mfano ninaoupenda zaidi kuonyesha orodha zinavyopishana ni wa mzaliwa wa kwanza. Kuna wawili.

Kwenye urithi, ni wa baba. Kumbukumbu la Torati 21:17 inampa fungu maradufu mwana wa kwanza wa mwanamume, hata kama mama yake alikwisha kuzaa na mume mwingine.

Kwenye ukombozi, ni wa mama. Mtoto wa kiume aliyefungua tumbo la mama yake hukombolewa kwa kuhani siku ya 31 kwa shekeli tano za fedha, sawa na gramu 100 hivi za fedha halisi. Noti hazifai, watu hutumia sarafu za fedha, na Benki ya Israel imewahi kutoa sarafu maalumu kwa kazi hiyo. Kuhani humuuliza baba anataka kipi, mwanawe au sarafu tano, na baba hulipa. Siku ya 31 ikiangukia Sabato shughuli husogezwa, kwa kuwa ni malipo. Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji hakombolewi, maana hakupita njia inayotajwa na sheria. Na mdogo wake atakayezaliwa kawaida naye hakombolewi, kwa sababu si wa kwanza. Mama ambaye kabla ya hapo aliharibikiwa na mimba iliyokwisha kukomaa kidogo, mtoto wake vilevile hana ukombozi. Mama akiwa binti wa kuhani au wa Mlawi, mtoto husamehewa, na hapa cheo cha babu mzaa mama kinafanya kazi ambayo kwenye urithi hakina kabisa.

Watu saba wa kuomboleza

Orodha inayoshangaza wengi ni ya msiba. Wanaolazimika kuomboleza ni ndugu wa marehemu wa aina saba tu: baba, mama, mwana, binti, kaka, dada, na mume au mke. Mjukuu hamo. Ami hamo, mjomba hamo, shangazi hamo. Msingi wake ni Walawi 21, mistari inayomruhusu kuhani kujitia unajisi kwa ajili ya maiti za ndugu fulani. Mjukuu aliyelelewa na bibi yake tangu utotoni anaweza kulia kuliko wote, lakini sheria haimkalishi matanga. Ina maana pia kwamba hajazuiwa kwenda kazini, kupika, na kuwahudumia waliokaa.

Kabla ya maziko, wafiwa hao saba wameondolewa hata faradhi za sala, washughulikie maiti tu. Kazi ya kumwosha na kumvisha sanda hufanywa na hevra kadisha, kikundi cha kujitolea cha jumuiya. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Kisha wafiwa huchana nguo: kwa baba au mama upande wa kushoto, juu ya moyo, na mchano huo haushonwi vizuri tena maisha, kwa watano waliobaki upande wa kulia, na baada ya siku 30 unaweza kushonwa. Urefu wake ni kama upana wa kiganja.

Baada ya maziko huanza shiva, siku saba. Mlo wa kwanza lazima utoke kwa majirani, mfiwa asile cha kwake; kwa kawaida ni mayai ya kuchemsha na dengu, vyakula vya mviringo. Kwa siku zote saba mfiwa hukaa kwenye kiti kifupi au chini, havai viatu vya ngozi, haogi kwa starehe, hanyoi, hafanyi kazi. Vioo hufunikwa na taa huwashwa mfululizo. Mlango huachwa wazi, mgeni aingie bila kubisha. Mgeni asianze mazungumzo. Akae kimya mpaka mfiwa afungue kinywa. Anayeingia na “hamjambo” na maneno mengi ya kufariji amekosea tangu hatua ya kwanza.

Hesabu ya siku nayo ina ufundi. Siku ya maziko ni ya kwanza, hata kama kaburi limefukiwa dakika chache kabla ya jua kuchwa, na sehemu ya siku huhesabiwa siku nzima. Aliyezikwa Jumatatu, matanga yake huanuliwa Jumapili asubuhi. Sabato huhesabiwa ndani, ingawa siku hiyo maombolezo hayaonyeshwi hadharani. Sikukuu kubwa kama Pasaka ikiingia, hata saa moja baada ya mfiwa kuketi, huifuta shiva iliyobaki.

Maombolezo ya watano huisha siku ya 30. Ya baba na mama huendelea miezi 12, na mwana husema sala ya Kadishi kwa ajili yao kwa miezi 11. Kwa nini 11? Mapokeo yanasema hukumu ya waovu baada ya kufa huchukua miezi 12, kwa hiyo kuimaliza yote ni kama kumtangaza mzazi wako mwovu.

Kadishi haisemwi peke yako. Inahitaji minyani, watu kumi. Kwa Waorthodoksi wanaume kumi waliotimiza miaka 13, kwa madhehebu mengine wanawake huhesabiwa. Ndiyo sababu Myahudi anayehamia mji usio na Wayahudi wengine huwa na tatizo la kisheria, si la upweke tu. Ndugu zake saba hawawezi kumwombolezea kikamilifu bila watu baki.

Anayeingia bila kuzaliwa

Wanaosema Myahudi lazima azaliwe wamekosea. Kuongoka kunawezekana, na hatua zake zinajulikana: baraza la watu watatu, tohara kwa mwanamume (aliyetahiriwa tayari hutolewa tone la damu), na kuzama kwenye mikve, birika la maji ya asili. Maji yasipungue sea 40, ambazo kwa hesabu moja ni lita 330 hivi na kwa nyingine 570. Mwili wote uzame pamoja na nywele. Pete kidoleni au rangi ya kucha hubatilisha, kwa kuwa huzuia maji yasiguse.

Akitoka majini, sheria humwona kama mtoto aliyezaliwa leo. Jina lake la sinagogini huwa fulani ben Avraham, yaani mwana wa Ibrahimu, au bat Avraham, binti wa Ibrahimu, kwa mwanamke, na wengi huongeza Sara. Kwa kawaida Myahudi huitwa kusoma Torati kwa jina la baba yake na huombewa ugonjwani kwa jina la mama yake. Mwongofu amepewa wazazi wa kwenye Mwanzo. Kisheria halazimiki hata kuwakalia shiva wazazi waliomzaa, ingawa humruhusu na wengi hufanya. Wajibu wa kuwaheshimu wakiwa hai haujamwondoka.

Mtoto wa kulea anapitia mlango huohuo. Kama aliyemzaa si Myahudi, huongolewa utotoni, na akifikia umri wa wajibu, miaka 12 kwa msichana na 13 kwa mvulana, ana haki ya kukataa. Talmudi inamsifu anayelea yatima kana kwamba amemzaa, lakini hairuhusu nasaba ibadilike: mtoto wa kulea hawi kuhani kwa sababu mlezi ni kuhani. Waislamu wa Pwani hawatashangaa. Kwao pia mtoto wa kulea hubaki na ubini wake.

Jirani yetu wa karibu katika habari hii ni Abayudaya, karibu na Mbale nchini Uganda. Semei Kakungulu alianza kushika Torati na wafuasi wake mwaka 1919, bila rabi. Mwaka 2002 marabi wa Kikonsavativu walifika na kuwaongoa rasmi mamia yao, na kiongozi wao Gershom Sizomu akawa rabi mwaka 2008. Kwa Wakonsavativu ni Wayahudi. Waorthodoksi wengi hawakubali baraza lililowapokea, na serikali ya Israel imewahi kuwakatalia baadhi yao uraia.

Pale ndoa inapovunjika vibaya

Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye talaka. Ndoa ya Kiyahudi haivunjwi na hakimu. Inavunjwa na geti, hati ya mistari 12 iliyoandikwa kwa mkono kwa ajili ya mwanamke huyo mahususi, yenye majina yao pamoja na ya utani, mbele ya mashahidi wawili. Mume huiweka mikononi mwa mke. Baada yake mwanamke hungoja siku zipatazo 90 kabla ya kuolewa, ili baba wa mtoto ajaye asiwe na utata. Ni eda, kwa jina jingine.

Mume akikataa kutoa geti, mke amefungwa. Akiolewa kwa cheti cha serikali tu, watoto atakaozaa na mume mpya ni mamzeri, na mamzeri haruhusiwi kuoana na Wayahudi wengine isipokuwa mwenzake au mwongofu. Biblia ya Kiswahili imeandika “mwana wa haramu”, na hapo msomaji wetu hudhani ni mtoto wa nje ya ndoa. Hapana. Mtoto wa wazazi ambao hawajaoana hana doa lolote. Mamzeri ni wa mke wa mtu aliyezaa na mwanamume mwingine, au wa maharimu. Sheria ya Israel ya mwaka 1995 inaruhusu mahakama za marabi kumnyima mume mkaidi leseni ya udereva, pasipoti, hata kumfunga jela, lakini haiwezi kumwandikia geti kwa niaba yake.

Serikali nayo ina orodha yake

Sheria ya Kurudi ya mwaka 1950 ilimpa kila Myahudi haki ya kuhamia Israel, bila kusema Myahudi ni nani. Mwaka 1962 mahakama kuu ilimkatalia Oswald Rufeisen, mtawa Mkatoliki aliyezaliwa na mama Myahudi, haki hiyo. Januari 1970 mahakama hiyohiyo, kwa kura 5 kwa 4, iliamuru watoto wa afisa wa jeshi la majini Binyamin Shalit, ambao mama yao hakuwa Myahudi, waandikwe kuwa ni wa taifa la Kiyahudi. Bunge likarekebisha sheria mwaka huohuo: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, na asiwe wa dini nyingine. Papo hapo likapanua haki ya kuhamia kwa mtoto na mjukuu wa Myahudi, na wenzi wao wa ndoa.

Kwa hiyo mtu mwenye babu mzaa baba Myahudi ni raia kamili, analipa kodi na anaenda jeshini. Ila ndoa na talaka za Wayahudi ziko mikononi mwa mahakama za marabi tangu sheria ya mwaka 1953, na huko hesabu ni ya Mishna. Raia wa namna hiyo ni mamia ya maelfu, wengi kutoka iliyokuwa Umoja wa Kisovieti, na wanaotaka kuoana hupanda ndege kwenda Cyprus na kurudi na cheti ambacho serikali hukisajili.

Anayedai kwamba yeye ni Myahudi wa mlangoni hutakiwa kuleta ushahidi wa upande mmoja tu: ketuba, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi, ya wazazi wake au ya bibi mzaa mama, cheti cha kuzaliwa cha mama, picha ya jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kiebrania, au barua ya rabi anayetambulika. Kwa waliotoka Urusi na jirani zake kuna mtego wa ziada. Pasipoti ya ndani ya Kisovieti ilitaja taifa la mtu, na kijana wa wazazi mchanganyiko alilichagua mwenyewe akifika miaka 16. Wengi waliandika Mrusi ili wasisumbuliwe. Ndiyo maana karani wa mahakama huweka pembeni pasipoti ya mjukuu na kuomba cheti cha bibi kilichoandikwa kabla ya vita.